Lurcher wangu wa miezi 8 anabweka akikimbiza sungura, na kuleta hataki. Nimemharibu?

Mkia_Mrefu (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu. Naomba mwenye uzoefu na hawa mbwa wa mbio anisaidie maana naona naharibu mbwa mzuri kwa mikono yangu mwenyewe.

Nipo huku Lincolnshire, Uingereza, nafanya kazi shambani. Bosi ana shida ya sungura, wanakula ngano pembezoni mwa shamba mpaka unaona kama pamepita mashine ya kunyolea, akaniambia nikipata mbwa ruksa kuwapunguza. Basi nikapata lurcher jike, mama ni whippet kachanganywa na terrier wa Bedlington, baba greyhound, nilimchukua ana wiki 9 na sasa ana miezi 8 kasoro siku chache. Nimempa jina Kipanga. Kwa wasiojua, lurcher sio mbegu kamili kama zile zingine, ni mchanganyiko, unachukua mbwa wa mbio kama greyhound, whippet au saluki unamchanganya na mbwa wa kazi kama collie au terrier, unatafuta miguu ya huyu na akili ya yule. Kwa Kipanga miguu naiona, akili ndo bado nasubiri.

Shida sasa. Alipokuwa mdogo alikuwa ananiletea kila kitu, soksi, kiatu, rimoti, mpaka nikawa najisifu kwa watu. Kufika miezi kama mitano hivi akaacha. Nikirusha kidoli anakifuata mbio, anakibeba, alafu anaanza kunizunguka kwa mbali, nikimsogelea anakimbia, anaona ni mchezo, naishia mimi mwenye kitambi kumkimbiza mbwa wa mbio.

Ya pili ndo inaninyima usingizi. Kuna mshkaji ana ile tochi kubwa ya kuwindia akasema mlete tumtoe usiku ajifunze. Nikampeleka mara mbili mwezi uliopita. Usiku wa kwanza tulimwachia kwa sungura kama saba hivi, hakupata hata mmoja, wote walimchenga wakaingia kwenye uzio wa miti. Usiku wa pili tukamwachia pamoja na dume la mshkaji, Kipanga akawa anakimbia huku anabweka, sungura wa mashamba matatu yote wakaingia ndani nadhani. Mshkaji akacheka akasema huyo kashaharibika, muuze.

Sasa kweli ndo kashaharibika? Nianze upya vipi? Na ng'ambo ya uzio kuna kondoo, anawaangalia kwa jicho ambalo silipendi kabisa.

---

mzee_wa_tochi

Mkuu kwanza pumua, mbwa hajaharibika, aliyeharibika ni huyo mshkaji wako na uniwie radhi kwa kusema hivyo.

Miezi 8 huyo ni mtoto mwenye miguu mirefu, basi. Ukimwona amesimama unadhani kakomaa lakini zile sehemu za mifupa zinazokua, kule kwenye ncha karibu na viungo, bado laini. Kwa mbwa wa saizi hiyo zinafunga kuanzia mwaka mmoja hivi na wenye mwili mkubwa wanachelewa zaidi, mpaka mwaka na nusu. Sasa wewe unamfanya akate kona kali usiku kwenye shamba lenye mitaro, kwa nini asiumie? Vidole, kiwiko cha mbele, bega, na jeraha la umri huo linamfuata mbwa maisha yake yote.

Kuhusu kubweka. Mbwa mchanga anabweka akikimbia kwa sababu anataka kitu hakipati, ile hasira inamtoka mdomoni. Sungura saba bila kupata hata mmoja, alafu kesho yake unamwekea mbwa mkubwa mbele yake anamwacha mita ishirini, na wewe ungepiga kelele. Ikizoeleka haitoki, nimeona mbwa wa miaka 6 wanabweka mpaka leo, ila kwa usiku mmoja bado unawahi.

Kwaiyo tochi weka kabatini. Sio wiki mbili, namaanisha mpaka apite mwaka, na mimi wangu nawapeleka miezi 13 au 14 huko. Hata kumshika kamba akawa anatazama mbwa wengine wakikimbizana, hapana, maana hiyo ndo njia nyepesi kuliko zote ya kumfundisha kubweka. Sahau sungura kwa sasa, tengeneza mbwa. Aje ukimwita, akae ukimwambia, atulie kwenye kamba, apande gari na kushuka kwa ruhusa. Watu wanadharau haya mambo alafu wanashangaa usiku wa giza mbwa yuko shamba la tatu na wao wanapiga filimbi kama matrafiki.

Siku ikifika chagua usiku wenye giza totoro na upepo, mwezi usiwepo. Upepo uwe unakupiga usoni ili harufu na sauti zako zisifike kwa sungura. Ukimmulika, kuna anayekimbia palepale na kuna anayelala chini kabisa kama jiwe, masikio kayabana. Huyo wa pili ndo wa mwanafunzi. Tena awe kwenye majani mafupi, mbali na uzio, umesogea naye kimyakimya mpaka karibu, ndo unaachia kamba. Mwanga ukae kwenye sungura, usimulike mbwa machoni na usihangaike na sungura mwingine aliyetokea pembeni. Mbio mbili tatu, nyumbani. Hata kama kapata yule wa kwanza na bado ana nguvu, nyumbani! Mbwa aende kulala anataka zaidi.

Na uelewe kitu kimoja, sungura hamshindi lurcher kwa mbio, anamshinda kwa kona. Kusoma kona kunataka muda, hakuna wa kumfundisha isipokuwa sungura mwenyewe.

---

Mbio_Fupi

Mzee unamtisha bure. Wa kwangu alianza tochi ana miezi 8 na alikuwa moto wa kuotea mbali. Mbwa wa mbio anajifunza kwa kukimbia, ukimfungia ndani mpaka mwaka unapata mbwa wa kwenye kochi.

Kondoo nunua kola ya shoti, akiwatazama bonyeza, mara mbili tu hatakaa awatamani tena. Hiyo ya kuleta achana nayo, we nenda kaokote mwenyewe, miguu si unayo.

---

mzee_wa_tochi

@Mbio_Fupi umesema "alikuwa". Yuko wapi sasa hivi?

---

Mbio_Fupi

Alistaafu ana miaka 3, bega.

---

mzee_wa_tochi

Haya.

---

Dada_wa_Fereti

Nimecheka hapo juu jamani, poleni lakini.

Kaka Mkia_Mrefu mimi niongelee kuleta, maana usimsikilize anayekwambia ukaokote mwenyewe. Usiku mbwa kamkamata sungura mita mia mbili gizani ng'ambo ya mtaro, hai bado, we utaenda saa ngapi? Mbwa anayeleta mpaka mkononi anakupunguzia kazi nusu, na sungura hateseki, unammaliza haraka wewe mwenyewe.

Miezi mitano ulisema? Hapo alikuwa anabadilisha meno. Kati ya miezi minne na saba hivi fizi zinauma, akibeba kitu anaumia, na kama ulikuwa unamlazimisha au unamvutia kitu kutoka mdomoni basi akaweka kichwani kwamba kubeba kitu karibu na baba ni maumivu. Mimi kipindi hicho sirushi kitu kabisa. Sio wewe peke yako, karibu kila mtu anakosea hapo.

Sasa hivi meno yametoka, anza upya ndani ya nyumba. Tafuta korido, funga milango yote, kaa chini upande ambao kitanda chake kipo nyuma yako. Kirushe kidoli mwisho wa korido mara moja. Akikibeba hana pa kwenda ila kwako, maana mbwa na kitu chake anataka kukipeleka kitandani. Akifika USIKINYAKUE. Hapa ndo wengi wanapoharibu, mbwa anafika anafurahi alafu mtu anamwibia. Mpapase kifua, mpapase mgongo, mwache akishikilie, mwambie maneno matamu, alafu ndo uweke mkono chini ya kidevu akiachie mwenyewe. Mara mbili au tatu kwa siku, basi, funga duka. Ukirusha mara kumi atachoka na ataanza tena kukuzungusha.

Akishindwa kuelewa nje, usimfuate hata siku moja. Geuka, kimbia kwenda upande mwingine, jifiche nyuma ya mti ikibidi. Mbwa wa mbio akiona kitu kinakimbia anakifuata, tumia hiyo akili yake dhidi yake. Na michezo ya kuvutana kamba iishe leo, unamfundisha kubana meno, kesho anakuletea sungura kapondwa mbavu hafai hata supu.

Kidoli kikikaa sawa kifunge ngozi kavu ya sungura, baadaye sungura mzima aliyekufa na akapoa, ndo baadaye kabisa yule wa moto. Ngazi kwa ngazi.

Alafu kabla ya tochi mimi nakushauri uanze na fereti. Kwa asiyemjua, ni kale kamnyama karefu kembamba ka ukoo wa kicheche, kanafugwa, unakaingiza shimoni sungura wanatoka wenyewe. Unatega nyavu kwenye midomo ya mashimo, mmoja mmoja akitoka ananasa, na anayekosa wavu ndo wa mbwa. Ni mchana, mbio ni fupi, mbwa anajifunza kusimama kimya juu ya mashimo akasikiliza kwa masikio na pua. Mbwa wangu jike ukifika kwenye shimo ambalo halina mtu anapita kama hakuoni, lenye mtu anasimama, mguu mmoja juu, kichwa kaelekeza pembeni, wala hanidanganyi. Hiyo hamna tochi itakayomfundisha. Msimu wake ni kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi, majani yamekauka mashimo yanaonekana na vitoto bado sio vingi mle ndani. Ila amzoee fereti mapema, mwache amnuse kupitia waya wa banda kila siku mpaka amchoke. Usiwaache peke yao hata dakika moja, mbwa akimuua mmoja anaweza kuona kumbe na hawa ni chakula.

---

Wakili_Mchovu

Mbwa siyajui sana, mke wangu ndo ana whippet, ila nataka kusema kitu kuhusu hili neno sungura maana lugha yetu inaweza kumtia mtu ndani.

Kiswahili tunaita wote sungura. Huko uliko ni wanyama wawili na sheria inawatenganisha kabisa. Kuna huyu wa mashimo, mdogo, masikio ya wastani, mkia mweupe unarukaruka anapokimbilia shimoni. Na kuna yule mkubwa wa porini, miguu ya nyuma mirefu, masikio marefu yenye ncha nyeusi, halali shimoni bali kwenye kijibonde cha majani palepale shambani. Yule mjanja wa hadithi za bibi ni huyu wa pili. Sheria ya uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, inakataza England na Wales kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa, ila imewaacha nje panya na sungura wa mashimo, mradi ardhi ni yako au mwenye ardhi kakuruhusu. Huyu wa masikio marefu hayumo kwenye ruhusa. Ukimwachia mbwa umevunja sheria hata kama bosi alisema "sungura wote ruksa".

Tena uko Lincolnshire, mashamba tambarare, ndo penyewe hapo panapokuja watu wa kukimbiza hao wakubwa kwa kamari. Polisi wa huko wana operesheni kabisa inaitwa Galileo kwa ajili hiyo, na tangu Agosti 2022 adhabu zimepanda, kifungo mpaka miezi 6 na mbwa anachukuliwa. Mtu mwenye lurcher na tochi usiku atasimamishwa tu, sio kama, ni lini. Chukua ruhusa ya bosi kwa maandishi, tembea nayo, na usiku unaotoka mwambie. Ukivuka kwenda Uskoti usidhani ni yaleyale, wana sheria yao ya 2023 imembana hata huyu wa mashimo.

Kola ya shoti nayo, Wales ni marufuku tangu 2010.

---

mzee_wa_tochi

Wakili kasema la maana. Kwa macho ya haraka usiku: ukiona anakimbia mstari mrefu kuelekea katikati ya shamba tupu badala ya kukimbilia uzio, kamba usiachie. Wa mashimo anajua kwao ni wapi na anaenda huko.

Kuhusu hiyo shoti mi sio sheria tu inayonikera, mbwa hajui shoti imetoka wapi. Umebonyeza akiwa anatazama kondoo, kumbe sekunde ileile kaona kipepeo au kasikia filimbi yako, unapata mbwa anayeogopa filimbi. Kondoo anazoeshwa kwa kuchoshwa nao. Kila siku pita naye katikati yao ana kamba, kama mwenye kondoo karuhusu, kaa chini dakika ishirini, akigeuza macho kukutazama wewe mpe kitu kitamu. Siku ya kwanza atatetemeka, wiki ya tatu anapiga miayo. Kamba ndefu usiitoe mpaka uwe na uhakika, alafu ukishakuwa na uhakika subiri mwezi mwingine. Kusumbua kondoo ni kosa la sheria ya tangu 1953, na mfugaji akimkuta mbwa anawasumbua na hana njia nyingine ya kumzuia, akimpiga risasi sheria inaweza kumlinda. Utalia peke yako.

---

Mkia_Mrefu

Wakuu sijui niseme nini, nimesoma yote mara mbili. Tochi nimeirudisha kwa mwenyewe. Ile ya miguu mirefu, nakiri kabisa, usiku ule wa kwanza kuna mmoja alikimbia katikati ya shamba tupu tukamwachia mbwa, sikujua, nimepoa mwili kusoma hapo kwa Wakili.

Maswali mawili ya haraka. Kuna sungura wanaonekana wamevimba macho wamekaa tu hawakimbii, mshkaji alisema hao ndo wa kumpa Kipanga ajipe moyo. Na je akishaanza kazi, chakula nampa kabla au baada?

---

Dada_wa_Fereti

Hao wana mixomatosi, ugonjwa uliingia Uingereza 1953 ukafagia sungura karibu wote, na bado unarudi kila mwaka. Mbwa haumpati. Lakini mimi simpi, mmalize haraka wewe mwenyewe kwa huruma. Mbwa mchanga akijifunza kwamba sungura ni kitu kinachokaa kikimsubiri, siku anakutana na mzima anayekata kona atashangaa. Wapo wanaowapa na wanasema inasaidia, sitagombana nao.

Chakula kabla HAPANA. Tumbo limejaa na mbwa ana kifua kirefu kile, akikimbia linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo una muda mchache tu wa kumfikisha kwa daktari wa mifugo. Mlishe baada, tena asubiri pumzi ishuke. Maji kidogokidogo. Akishatulia mkague kidole kwa kidole, kati ya vidole, na ile nyama ngumu ndogo iliyo juu nyuma ya mguu wa mbele, inachanika sana kwenye ardhi ngumu. Seng'enge pia, ndo maana kazini tunamwachia bila kola, ile kamba ya kuteleza inatoka yote unapoachia.

Utumbo wa sungura usimrushie mbichi. Ukifungua utaona saa zingine vijipovu vyeupe kama vishada vya zabibu ndogo, hao ni tegu wanasubiri kuingia kwa mbwa. Fukia, na dawa ya minyoo usiiruke.

---

Mbio_Fupi

Hiyo ya vijipovu sikuwahi kuijua. Miaka yote nilikuwa nawarushia.

---

Mkia_Mrefu

Narudisha mrejesho wakuu, najua uzi umelala. Kipanga ana miezi 13 sasa. Tochi bado. Korido ya Dada ilichukua wiki moja na nusu, mke alikuwa anapita kwa kuruka kitanda cha mbwa. Kondoo anawapita kama mawe.

Jana mchana nilikuwa natembea naye pembeni ya uzio, pua chini, mi hata sikuwa kwenye mawazo ya kuwinda. Akasimama, mguu juu, nikadhani kachomwa na mwiba. Kumbe sungura yuko kwenye kichaka, akatoka, wakapiga kona moja, ya pili Kipanga akaanguka kabisa, ya tatu akamnasa. Kimya! Hakutoa sauti. Alimleta mpaka kama mita tano kutoka kwangu akasimama akanitazama, nikageuka nikaanza kukimbia kama mlivyosema, na kitambi changu, akanifuata akaniwekea mkononi, sungura hai, hata ngozi haijatoboka. Mikono ilikuwa inatetemeka jamani.

Leo usiku hamna mwezi na upepo upo. Nimtoe?

---

mzee_wa_tochi

Alianguka, umesema. Mguu umemkagua?

---

Mkia_Mrefu

Kidole kimoja cha mbele kulia kimevimba kidogo, ila anakanyagia.

---

mzee_wa_tochi

Basi huna usiku wowote wiki hii, wala wiki mbili zijazo. Kwa daktari kesho asubuhi, na mwezi utapotea tena.